Kompyuta Iliyovishwa Nguo

Mume wangu Telesphori hakuwa mjinga. Naanza na hilo kwa sababu kuanzia Ushirombo mpaka Isaka wapo watu ambao wakisikia jina lake hucheka kwanza, ndipo humkumbuka. Mimi niliishi naye, nikamzalia watoto, nikamzika. Nimesoma kwa masista, nimefundisha shule ya msingi nusu ya maisha yangu, na sina desturi ya kuandika jambo nisiloweza kulisimamia. Anayetaka kucheka na acheke, lakini aisome habari yote kwanza.

Alikuwa mtoto wa katekista, mzee Anatoli, na mama yake aliitwa Generoza. Nyumbani kwao Ushirombo kulikuwa na msalaba ukutani, viti vitatu vya mbao, na redio. Redio hiyo ilivaa. Mama Generoza aliifumia nguo ya kroshia yenye maua, ikafunika juu, ubavuni na nyuma, ikabaki sura tu. Kwetu kitu cha thamani hakikai uchi. Kochi linavaa, meza inavaa, hata mtungi wa maji una kitambaa chake. Mgeni akiingia akakuta redio imekaa wazi, atajua nyumba hiyo haina mwanamke, au anaye lakini mvivu.

Telesphori alikulia humo. Alikuwa mtu wa kunyoosha suruali yake mwenyewe kwa pasi ya mkaa na kupanga penseli zake kwa urefu. Alipoajiriwa ukarani kwenye kinu cha pamba, kati ya Kahama na Isaka, meza yake ndiyo pekee isiyokuwa na alama za vikombe. Kwa hiyo mwaka 1984, wafadhili walipoleta kompyuta, Meneja Nkwabi hakufikiri mara mbili.

"Baba Gregory," alimwambia, kwa jina la mtoto wetu, "hiki kitu tumepewa sisi peke yetu huku. Nakikabidhi kwako. Kikifa, tumekufa wote."

Kazi ya mashine hiyo ilikuwa kupanga zamu za malori ya kupeleka robota za pamba stesheni ya Isaka. Kabla ya hapo madereva walipangana kwa kelele na ngumi. Fundi aliyekuja kuifunga, kijana wa Kizaramo aitwaye Donatus, alikaa siku chache akimfundisha Telesphori. Kwa kuwa Wazaramo na sisi ni watani, walianza kutukanana kabla hata hawajamaliza kusalimiana. Siku ya kuondoka kurudi Mwanza, Donatus aliacha usia mmoja.

"Mnyamwezi, nisikilize." Kwa Wazaramo sisi wote wa huku ni Wanyamwezi, hata Msumbwa kama mume wangu. "Adui wa mashine hii ni vumbi. Hapa manyoya ya pamba yanaruka mpaka kwenye chai. Usiiache wazi. Nikirudi nikaikuta na vumbi, nitakuoza kwa bibi yangu."

"Bibi yako ana meno?"

"Hana. Ndiyo maana anakutafuta wewe, umtafunie."

Donatus alikuwa na maana ya kuifunika jioni, kazi ikiisha. Hakusema jioni, kwa sababu kwake lilikuwa jambo la wazi. Na Telesphori hakuuliza, kwa sababu kwake pia lilikuwa jambo la wazi. Manyoya ya pamba huruka mchana, kinu kinapozunguka. Nani afunike chakula nzi wakishalala?

Alichukua kamba akaipima mashine, akapiga fundo kila penye kona, akaituma kamba hiyo kwa mama yake. Mama Generoza alikuwa ameanza kupoteza macho. Mtoto wa jicho alikuwa ameshaanza kutanda upande wa kulia. Hata hivyo alifuma, kwa uzi mweupe, maua matano mbele na mpaka wa majani kuzunguka. Ndani aliweka bitana ya kaki nzito, aliyoikata kwenye koti la marehemu mzee Anatoli, lile alilovaa akienda vigangoni. Chini akatia ukanda wa kukazia. Kilikuwa kitu cha mwisho kushonwa na macho yale. Aliwaambia majirani wote kwamba mashine ya serikali, inayojua kuhesabu kuliko padri, inavaa nguo yake.

Kinuni, Telesphori aliivisha mashine nguo hiyo bila kutangaza imetoka kwa nani. Ilienea sawasawa, kioo tu kikabaki nje kama uso wa mwali. Kila aliyeingia ofisini aliisifu. Hakuna aliyeiona kuwa jambo la ajabu, maana kila mmoja wao nyumbani redio yake ilivaa hivyo hivyo.

Wiki haikuisha, kompyuta ikaanza kuzimika.

Ilikuwa inaamka vizuri asubuhi. Inafanya kazi mpaka jua linapopanda, kisha kioo kinaingia giza na zamu zote za malori zinapotea. Ikiachwa mpaka kesho yake, inaamka tena kama haikufanya lolote. Telesphori akaenda kwenye simu ya upepo kumwita Donatus. Simu ile, kwa asiyeijua, haikuwa ya watu wawili. Uliposema kinuni, walisikia Isaka, walisikia Shinyanga, walisikia vituo vyote mpaka Mwanza, na wengi wao hawakuwa na kazi nyingine ya kufanya. Siku hiyo nilikuwa nimempelekea chakula, nikasimama mlangoni na bakuli langu.

"Fundi, imezimika tena. Ova."

"Umeme je? Jenereta yenu isije ikawa inakohoa. Ova."

"Jenereta ni nzima. Taa zinawaka, kinu kinazunguka. Ova."

"Vumbi? Ova."

"Vumbi halipati hata pa kupitia. Ova."

"Safi sana. Nyuma ya mashine kuna nafasi? Ova."

Telesphori akainuka, akageuka kuitazama meza. Ilikuwa mbali na ukuta. "Nafasi ipo. Mtu anapita na ndoo kichwani. Ova."

"Basi ni vumbi tu, Mnyamwezi, hata kama hulioni. Kaza hapo hapo. Babu zako wamebeba pembe za ndovu kutoka huko mpaka Pwani, wewe kisanduku kimoja kinakushinda? Ova."

"Na babu zako walikuwa wapi? Wamelala chini ya mnazi, wanangoja nazi iwaangukie mdomoni. Ova."

Vituo vyote vikacheka. Nami nilicheka. Kisha Telesphori akaenda akaukaza ule ukanda wa chini, akafunga na madirisha.

Leo naweza kusema kwa nini neno "nguo" halikutajwa hata mara moja katika mazungumzo yale, na yalikuwa mengi. Ukimpeleka mgonjwa hospitali, humwambii daktari kwamba mgonjwa amevaa shati. Daktari hakuuliza, nawe hukuona cha kusema. Donatus huko Mwanza aliiona mashine kichwani mwake kama alivyoiacha. Telesphori huku aliiona kama inavyopasa kuwa. Kila ushauri uliokuja kwa upepo ulizidi kuinyonga. Aliambiwa vumbi, akakaza. Aliambiwa unyevu, akaiongezea gunia safi mgongoni. Aliambiwa aiache ipumzike, akaiacha imefungwa kama mtoto wa homa.

Robota zikarundikana uwanjani. Mawingu ya mvua za kwanza yakaanza kukaa upande wa Ushetu. Madereva wakarudia ngumi zao. Na ule haukuwa wakati wa kuharibikiwa na mali ya umma. Mwaka uliotangulia tuliona watu wakichukuliwa kwa kuficha katoni za sabuni. Neno "mhujumu" lilikuwa linatosha kuifunga milango ya nyumba ya mtu. Jirani haji kuomba moto, mtoto wako shuleni anakaa dawati peke yake.

Neno hilo lilianza kumkaribia mume wangu kwa njia ya kipuuzi. Siku moja Donatus, amechoka kuitwa, alipiga kelele hewani: "Umeiua makusudi, Mnyamwezi! Umeiua kwa sababu nilikunyima binamu yangu! Nakupeleka polisi!" Ulikuwa utani, kila mtu alijua. Lakini Makoye, katibu wa tawi la chama pale kinuni, alikuja nyumbani jioni ile na uso wa msibani.

"Mwalimu, shikamoo."

"Marahaba. Karibu uketi."

"Siketi. Fundi amesema imeuawa makusudi. Imesikika mpaka Shinyanga."

"Katibu, yule ni mtani."

"Najua ni mtani. Mimi mwenyewe nimecheka. Lakini ukisikia usiporipoti, nawe umo." Akamgeukia Telesphori, akasema kwa sauti ya chini, "Ndugu yangu, iwashe hiyo mashine. Nakuomba. Watu wa Shinyanga wanakuja kuchunguza."

Mume wangu aliacha kula. Si kwamba alikula kidogo. Aliosha mikono, akakaa mbele ya ugali, akaosha mikono tena. Asubuhi alikwenda misa, akirudi alipitia ofisini kuigusa mashine shavuni kama mtu anayepima homa. Wapo waliotushauri mganga. Nikawaambia nyumba ya katekista Anatoli haipigi ramli, na kama tutakufa tutakufa tumesimama. Nilisema hivyo mbele yao. Walipoondoka nilikaa jikoni nikiangalia sufuria bila kujua nilitaka kupika nini.

Kisha Meneja akafanya jambo la busara lililotumaliza kabisa. Alisema mashine ijaribiwe na mtu mwingine. Akampa Mwamvua, mpiga chapa, binti wa Kahama mjini mwenye vidole vyepesi. Telesphori akakaa nyumbani akingoja. Mashine ikaamka. Ikafanya kazi asubuhi, ikafanya kazi adhuhuri, ikafanya kazi mpaka kinu kinafungwa. Haikuzimika hata mara moja. Siku ya pili, vilevile.

Mwamvua mwenyewe alikuja kutupa habari, amefurahi, hajui amebeba nini.

"Baba Gregory, mbona inakwenda tu! Haina shida kabisa!"

Telesphori alimtazama. "Umefanya nini?"

"Sijafanya kitu. Nimeiwasha."

Na hakuwa anadanganya. Kupenda kwake ule ufumaji kulimfanya aivue mashine nguo asubuhi, akaiweka magotini, akawa kila akipata nafasi ananakili maua yake kwa kitambaa chake mwenyewe. Jioni aliirudisha. Hilo nalo hakuona kuwa ni la kusema.

Kesho yake Telesphori akarudi kazini. Akakuta nguo imekaa upande, akainyoosha, akaikaza vizuri, akaketi. Jua lilipopanda, kioo kikaingia giza.

Sasa hapakuwa na swali tena. Mashine nzima mikononi mwa Mwamvua, mashine maiti mikononi mwa Telesphori. Waliokuwa wanasema mkosi walisema mkosi, waliokuwa wanasema hujuma walisema hujuma. Aliporudi nyumbani alikaa kitandani na viatu, yeye ambaye hajawahi kukanyaga mkeka na viatu.

"Mama Gregory," aliniambia, "labda ni kweli naiua. Labda kuna kitu nafanya, sijioni."

"Usiseme hivyo popote. Hata kwangu usiseme."

"Nimeitunza kuliko nilivyokutunza wewe."

Ilikuwa kweli. Nikainama nikamvua viatu.

Watu wa Shinyanga walifika na gari, wawili, wenye mashati safi na maneno machache. Katika gari hilo hilo alikuwamo Donatus, ambaye ukosefu wa petroli ulikuwa umemkwamisha Mwanza muda wote huo. Aliposhuka alimkimbilia mume wangu na matusi yake ya kawaida, kisha akamwona alivyokonda, tusi likamfia mdomoni.

"Ndugu yangu," akasema. "Hebu tuingie. Niwashie, nami nitazame tu."

Kikao kilikuwa kimeitishwa kwenye banda la robota, wafanyakazi wote, na sisi wake tulisimama nyuma. Tulingoja. Halafu tukasikia Donatus akicheka. Si kicheko cha utani. Alicheka kama mtu aliyebanwa na kifafa, mpaka wale wawili wa Shinyanga wakainuka. Alitoka ameshika ile nguo mkononi, bitana ya kaki imegeuzwa nje, na nyuma yake alikuja Telesphori akitazama chini.

"Jamani," Donatus alisema, machozi yanamtoka, "mashine hii inapumua kwa nyuma. Ina tundu za kutoa joto, kama pua. Huyu ameivisha koti! Ameivisha koti, akaikaza mkanda, akaipa na blanketi! Imezimia kwa joto, masikini, kila siku saa sita inazimia!"

Banda zima likaangua kicheko. Madereva walishikana mabega. Meneja Nkwabi alificha uso kwa kofia. Mwamvua peke yake hakucheka. Alishika kinywa, nikaona ameelewa.

Nilifikiri tumepona. Nilianza kumshukuru Mungu. Lakini mkubwa wa wale wawili hakuwa amecheka.

"Mali ya umma imekwama, pamba imelala nje," alisema. "Nguo hii ni ya nani? Nani kaitengeneza?"

Kicheko kikakatika. Wakati ule jina likiandikwa, mwenye jina huitwa. Nilimwona akilini Mama Generoza na macho yake yale, ameshikwa mkono kuteremshwa garini Kahama, anaulizwa kwa nini aliinyonga mashine ya serikali kwa koti la marehemu mumewe. Asingekufa kwa kifungo. Angekufa kwa kujua.

"Ni ya nyumbani kwake," mtu mmoja alisema. "Alisema imetoka nyumbani."

Wote wakageuka kunitazama. Makoye akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, ni wewe uliyeifuma?"

Sijawahi kushika sindano ya kroshia, mikono yangu ni ya chaki, lakini nilifungua mdomo niseme ndiyo. Telesphori akaniwahi.

"Nimeifuma mimi."

Kisha dereva mmoja huko nyuma, "Wewe? Mwanaume? Kroshia?"

"Masista walitufundisha Ushirombo."

"Na maua haya pia?"

"Na maua."

Hapo walicheka kicheko ambacho sijakisahau. Kile cha kwanza kilikuwa cha watu waliopona pamoja naye. Hiki kilikuwa juu yake. Wanawake wenzangu walikuwa wanapigana viwiko. Mtu akaita, "Fundi cherehani!" Mwingine, "Baba Gregory, nifumie na mimi ya baiskeli!" Donatus alikuwa ameacha kucheka. Aliitazama nguo, akamtazama rafiki yake. Yeye alikuwa Mzaramo wa mjini, lakini alikuwa na mama.

Mtu wa Shinyanga alingoja kelele zipungue. "Nauliza kwa ajili ya taarifa yangu. Ilikuwa hujuma, au ilikuwa ujinga?"

"Kosa ni langu pia," Donatus akaanza, "sikumwambia vizuri, mimi ndiye niliyesema ifuni..."

"Simuulizi fundi. Namuuliza karani."

Telesphori alinyoosha kola ya shati lake. Alikuwa na desturi hiyo kabla ya kusoma somo kanisani.

"Andika ujinga," alisema.

Akaandika. Mvua ya kwanza ilinyesha juma lile, lakini robota nyingi zilikuwa zimeshaondoka, kwa zamu alizopanga Mwamvua kwenye mashine isiyovaa kitu. Telesphori hakufungwa. Alihamishiwa kwenye mizani ya kupimia pamba, nje, kwenye jua, na huko alibaki mpaka alipoacha kazi. Kila asubuhi simu ya upepo ilipowashwa, kituo kimojawapo kiliuliza, "Kinuni, mashine imevaa leo? Ova." Watoto wetu waliitwa watoto wa Mvisha Mashine. Gregory alipigana kwa ajili hiyo, nami nikamchapa kwa kupigana, kisha nikaenda kulia chooni.

Nguo tuliirudisha nyumbani. Mama yake alipouliza, Telesphori alimwambia kwamba mashine imehamishiwa makao makuu, na Meneja amerudisha nguo kwa shukrani nyingi. Mama Generoza akapapasa maua yake kwa vidole, moja moja, akaridhika. Hakuna mtu Ushirombo aliyemwambia vingine. Huko walikuwa wanajua ni nani mfumaji, na walijua nini maana ya mtoto wa kiume kusimama mbele ya mama yake. Walionyamaza nawashukuru.

Telesphori alifariki mwaka 1988, kwa ugonjwa wa ini. Tulimzika Ushirombo, karibu na baba yake. Donatus alikuja kutoka Mwanza juu ya lori la dagaa, amechafuka, na kwa haki yake ya mtani akaruka mpaka ukingoni mwa kaburi na kuwazuia wachimbaji wasirudishe udongo.

"Ngojeni! Ngojeni nyie! Msimfunike sana! Huyu akifunikwa sana anazimika!"

Msiba mzima ukacheka. Hiyo ndiyo kazi ya mtani, kutuchekesha pale ambapo hatuwezi, na Donatus alikuwa analia huku anasema. Nami nilicheka, khanga mdomoni. Mama Generoza alikuwa ameketi kwenye mkeka kando yangu. Kufikia wakati huo alikuwa haoni kabisa, na masikio nayo yameanza kumwacha. Aliushika mkono wangu.

"Mkamwana, wanacheka nini? Mtani amesema nini?"

Mama Generoza naye tulimzika baada ya mavuno ya mwaka huu, ndiyo maana sasa naandika. Siku ile ya kumzika mwanawe, na udongo unaanza kuanguka, niliinama karibu na sikio lake, nikamwita Mayu, yaani mama, kama kwetu.

"Anaitaja nguo yako, Mayu. Ile ya mashine."

Akanigeuzia uso. "Bado wanaikumbuka?"

"Bado, Mayu," nikamwambia. "Wote wanaikumbuka."